Mashine Inayomwogopa Fundi

Kijiko kilikuwa kimelazwa katikati ya meza ya msimamizi, peke yake, juu ya kipande cha shuka jeupe.

"Ushahidi ndio huo," msimamizi alisema. "Tulikitoa mfukoni mwa aproni yake kabla hawajampandisha kwenye gari la wagonjwa."

Mkaguzi alikichukua, akakigeuza. Kijiko cha chai cha kawaida, shingo imepinda, ncha imelika kidogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Ofisi ya usalama kazini ilikuwa imemtuma kwenye viwanda vingi, na huko kote alijifunza kwamba mtu anayekuonyesha ushahidi kabla hujaketi anataka uondoke mapema. Alivuta kiti, akaketi.

"Alikitumia vipi?"

"Kuchokoa komeo la mlango. Mashuka ya hospitali yalikuwa yanasubiriwa, akaona asingoje mashine isimame."

"Ulimwona?"

"Mimi nilikuwa humu ofisini."

"Nani alimwona?"

Msimamizi alijikuna shingo. "Hakuna. Lakini mlango haufunguki wenyewe, Bi Mkaguzi. Hata fundi wa programu amepima na kusaini hivyo."

Ndivyo faili lilivyosema pia. Dobi ile ilikuwa kiwanda kikubwa cha kufua nguo za hospitali na za nyumba za wageni. Mashine yake kubwa kuliko zote iliendeshwa na mwanamume mmoja ambaye wenzake walimwita Kapteni, kwa jinsi alivyozoea kusimama mbele yake, miguu kaitanua na mikono kaifunga nyuma, kama anayeongoza meli. Wiki iliyopita, pipa likiwa bado linazunguka, mlango ulifunguka mkononi mwake. Shuka lililochomoza likamzonga mkono, pipa likauvuta. Madaktari waliuokoa mkono. Kuhusu vidole walisema tungoje tuone. Kabla hajatoka wodini, alikuwa ameshasimamishwa kazi kwa kuharibu kifaa cha usalama makusudi.

Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kusema ndiyo au siyo, faili lifungwe.

"Twende kwenye mashine," alisema.

Ukumbi wa kufulia ulijaa mvuke na harufu ya dawa ya kung'arishia nguo. Mashine ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu. Kando yake alisimama binti mwembamba, macho mekundu kama mtu aliyekosa usingizi siku nyingi, kompyuta mpakato kaikumbatia kifuani. Huyo ndiye fundi wa programu, kutoka karakana iliyotengeneza mitambo ya kuongozea mashine ile. Pipa, maji, sabuni, mlango: vyote vilitii maagizo aliyoyaandika yeye.

"Nionyeshe," Mkaguzi alimwambia.

Binti alichomeka waya ubavuni mwa mashine, maandishi yakaanza kuteremka kwenye skrini yake. Akaingiza mashuka machache yenye maji, akafunga mlango, akabonyeza kitufe.

Tak!

Komeo la chuma liliingia mahali pake kwa mlio mkavu, pipa likaanza kuzunguka.

"Vuta," binti alisema.

Mkaguzi alivuta kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa haba. Mlango haukutikisika.

"Siku ile taa zilipepesa," msimamizi aliingilia. "Labda umeme..."

Binti hakungoja amalize. Alikwenda ukutani akazima swichi kuu. Ukumbi ukafifia, pipa likapoteza mwendo taratibu. Mkaguzi alivuta tena. Mlango ulikuwa umeshika vilevile.

"Komeo linahitaji amri ili liingie na amri nyingine ili litoke," binti alieleza. "Likishaingia, hata umeme ukatike mji mzima, litabaki humo humo."

"Basi si umeme," Mkaguzi alisema. Umeme uliporudishwa na mlango kufunguliwa, alipiga magoti, akawasha tochi na kulichunguza komeo kwa muda mrefu. Lilikuwa laini, linang'aa, bila mkwaruzo hata mmoja. Akaurudishia mlango, akatoa kijiko mfukoni, akakijaribu kwenye upenyo kati ya mlango na fremu. Kwanza ncha, halafu mpini. Kiligoma.

"Hakiingii," alisema.

"Labda alitumia kitu kingine," msimamizi alisema.

"Kitu gani?"

"Hicho sikijui."

"Basi usiniandikie usichokijua." Alisimama akipangusa magoti. Binti alikuwa ameinamia kompyuta yake, akianza kipimo kingine.

*

Kapteni aliishi nyumba ya chini yenye sebule ndogo na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Mkewe ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama Mkaguzi juu mpaka chini, akamkaribisha kwa neno moja, akaketi karibu na mumewe kama wakili.

Kapteni alikuwa na mkono wa kulia ndani ya plasta, umening'inizwa shingoni.

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Asante."

"Kijiko ni cha nini?"

Kapteni alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Nilijua wataanzia hapo. Sabuni ya unga inaganda kwenye droo yake, inakuwa kama saruji. Naikwangua kwa kijiko. Muulize yeyote pale."

"Nitauliza. Siku ile ulivuta mlango pipa likiwa linazunguka?"

Mkewe aligeuza kichwa kumtazama. Kapteni alimtazama Mkaguzi usoni.

"Nilivuta," alisema. "Sikufichi. Mwisho wa kazi ile mashine huzunguka polepole, haina kelele, na kioo kilikuwa na mvuke. Nilidhani imesimama. Lakini dada, sisi tumeshazoea: ukiwahi kuvuta, mlango unakukatalia, unangoja kidogo unavuta tena. Siku ile haukunikatalia. Ulikuja kama mlango wa kabati."

"Ulipowasha, komeo lililia?"

Alifumba macho akijaribu. "Sikumbuki. Nikikwambia nakumbuka nitakuwa nakudanganya."

Mkaguzi aliliamini jibu hilo kuliko mengine yote aliyopewa siku hiyo.

"Muulize na huyo aliyesaini," mkewe alisema ghafla.

"Mama nanihii, mwache," Kapteni alisema.

"Simwachi! Dada yako alipofariki, mtoto huyo aliingia nyumba hii hajui hata kufunga viatu. Kala sahani moja na wanangu. Nimemvusha shule mpaka chuo. Leo anaandika karatasi kwamba mjomba wake kavunja mlango!"

Mkaguzi aliacha kuandika. "Fundi wa programu ni mpwa wako?"

"Mtoto wa dada yangu," Kapteni alisema. "Nami ndiye niliyemtafutia kazi yake ya kwanza, ya kuiandikia programu mashine ya dobi yetu. Kaandika alichokiona. Ningemfundisha aandike asichokiona?"

"Kaona nini? Hakuwepo!" Mkewe alisimama, akaanza kupanga vitambaa vya makochi ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Alikuja hospitali nikamrudishia mlangoni. Na hapa asije."

*

Kesho yake asubuhi Mkaguzi alifika dobi mapema kusudi, kabla ya binti. Alipita kwenye meza ndefu ambako wanawake walikuwa wakikunja mashuka wawili wawili. Mmoja wao, mwenye kilemba cha njano, alikuwa akizungumza bila kupumzika. Wenzake walimwita Redio.

Aliuliza kwanza habari za kijiko. Wote walikijua. Kilikuwa cha sabuni, na aliyekipinda alikuwa Redio mwenyewe siku moja alipomsaidia Kapteni.

"Na yule binti anakuja tena leo?" Redio aliuliza.

"Anakuja."

"Basi mashine leo itakuwa na adabu. Inamwogopa yule, usifanye mchezo."

Wenzake wakacheka. Mkaguzi hakucheka. "Inamwogopa vipi?"

"Sisi tukiwa peke yetu, mlango unafungwa kimyakimya, kama mume aliyechelewa kurudi nyumbani. Binti akija na kompyuta yake kurekebisha kipimo cha sabuni: tak! tak! Askari kwenye gwaride. Akiondoka tu, inarudia tabia yake."

"Imekuwa hivyo tangu inunuliwe?"

"Aa, zamani ilikuwa inalia siku zote. Ni tangu waje kuibadilishia programu, kabla Kapteni hajaumia. Mimi nilifurahi, maana ule mlio ulikuwa unanipasua kichwa."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini, dada? Kwamba mashine imeacha kelele? Nani analalamikia ukimya?"

Binti alipoingia, alimkuta Mkaguzi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya mashine.

"Kapteni ni mjomba wako," Mkaguzi alisema. "Hukuniambia."

Binti aliweka kompyuta chini polepole. "Ningekuambia, halafu niseme mlango una kasoro, ungeniamini? Ungesema namtetea mjomba wangu. Nimeupima mlango huu mpaka vidole vimeota malengelenge. Nilikuwa natafuta ufunguke hata mara moja tu, nipate cha kusema. Haukufunguka. Ningeandika nini?"

"Keti," Mkaguzi alisema, naye akampisha kwenye ndoo, akabaki amesimama. "Hakuna anayekugombeza. Nataka unisimulie tu. Ulipokuja hapa baada ya ajali, kitu cha kwanza ulifanya nini?"

"Nilichomeka waya."

"Halafu?"

"Niliweka toleo la karakana."

"Kwa hiyo lililokuwemo siku ya ajali halimo tena."

"Halimo, lakini nakala yake ninayo. Na ni programu ileile."

"Ileile kabisa?"

"Ileile, mstari kwa mstari. Ila hili la karakana linaongea. Kila hatua mashine inaniandikia kwenye skrini: sasa najaza maji, sasa nazungusha pipa, sasa kuna kitu hakiko sawa. Toleo tunalompa mteja tunalinyamazisha, maana mashine ya mteja haina skrini ya kusomea, na maandishi yale yanaipunguzia kasi."

"Na ulipokuja kurekebisha sabuni?"

"Naweka linaloongea, nikimaliza narudisha lililonyamaza."

Mkaguzi aliitazama mashine, akamtazama binti.

"Kwa hiyo hujawahi kuupima mlango huu kwa programu aliyokuwa nayo mjomba wako."

Binti aligeuka kuitazama kompyuta yake.

"Weka lisiloongea," Mkaguzi alisema.

Kazi ile haikuchukua muda. Binti alichomoa waya, skrini ikabaki tupu. Akaingiza mashuka, akafunga mlango, akabonyeza kitufe.

Pipa likaanza kuzunguka. Komeo halikulia.

Mezani, Redio aliacha kuongea.

"Msiuguse kwa mkono," Mkaguzi alisema. Alichukua fimbo ya dekio iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akawaambia wote warudi nyuma, akapitisha ncha ya fimbo nyuma ya mpini wa mlango, akavuta.

Mlango ulifunguka kama mlango wa kabati.

Shuka lilichomoza, likaikamata fimbo na kuing'oa mikononi mwake. Ilizunguka mara moja, ikagonga fremu, ikakatika kwa mlio uliomfanya msimamizi atoke mbio ofisini. Binti aliruka akapiga kitufe chekundu cha hatari kwa kiganja. Pipa lilipungua mwendo, likasimama.

Vipande vya fimbo vilikuwa sakafuni. Binti aliviangalia, halafu akajishika mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, pale pale mjomba wake alipovunjika.

*

Walisafishiwa ncha ya meza ya kukunjia. Binti alipekua programu yake, macho yakiteremka mstari baada ya mstari, mpaka yakasimama.

"Hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mkaguzi aliinama. Aliona neno DAI kwa herufi kubwa, halafu mabano, na ndani ya mabano maneno yaliyosomeka: funga komeo, jibu liwe sawa.

"Nieleze kama mtu asiyejua, maana sijui."

"Dai ni mlinzi," binti alisema. "Naiambia programu: mimi nadai kwamba hapa jambo fulani ni kweli. Likiwa si kweli, simama hapo hapo, piga kelele, niambie ni mstari gani. Madai haya tunayatumia karakana kusaka makosa, kosa lisipate pa kujificha. Neno lenyewe ni makro, yaani neno moja fupi linalowakilisha maelezo marefu, na linabadilika kulingana na swichi tunayoiweka wakati wa kuitayarisha programu. Swichi ikiwashwa, madai yote yako macho. Ikizimwa, kama tunavyofanya kwa toleo la mteja, kila dai linafutika kabla programu haijaingia kwenye mashine. Linafutika kama halikuwahi kuandikwa."

"Pamoja na vilivyomo ndani ya mabano?"

"Pamoja na vilivyomo ndani ya mabano."

"Na humu ndani uliweka..."

"Amri yenyewe." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilitakiwa kufunga komeo kwanza, nilipokee jibu, halafu ndipo nidai kwamba jibu ni zuri. Mistari miwili. Mimi nikaiambia ifunge humo humo ndani ya dai. Karakana ilifunga kila siku. Kwa mteja haikufunga, na hakuna mlinzi wa kusema haijafunga, kwa sababu mlinzi naye kafutika."

"Aliyezima swichi ni nani?"

"Mwenye karakana. Lakini usimlaumu. Ndivyo inavyofanyika. Dai likiwa limeandikwa vizuri, ukiliondoa hakuna kinachobadilika. Hata mimi ningezima." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu: "Na unajua kwa nini niliyaongeza madai kwenye toleo lile? Kwa ajili yake. Mjomba anafanya kazi hapa. Nilitaka mashine isije ikamuumiza mtu."

Mkaguzi alimwekea mkono begani, akauacha hapo. Halafu akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu fimbo ikatike.

"Programu hii iko wapi kwingine?"

"Kwa wateja wengine," binti alisema, akiitoa simu yake.

Mwenye karakana alipopigiwa simu hakuomba ushahidi wala kubisha. Ilisikika pumzi yake tu, halafu: "Nazizima zote. Napiga sasa hivi." Haikupita muda akarudi hewani. Hospitali nyingine, yenye dobi yake, wamezima. Nyumba ya wageni wamezima. Shule ya bweni hawapokei.

"Ni mbali?" Mkaguzi aliuliza, funguo za gari tayari ziko mkononi.

Haikuwa mbali. Walienda bila kuongea, binti akipiga namba ile ile, akikata, akipiga tena. Mlinzi wa geti la shule alitaka waandike majina. Mkaguzi alimwonyesha kitambulisho kupitia dirishani na kupita. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko. Simu ya chumba hicho ilikuwa ikiita kwenye rafu, imefunikwa na taulo.

Mama mmoja mnene, amejifunga kanga kiunoni, alikuwa amesimama mbele ya mashine, akiimba taratibu na kungoja. Pipa lilikuwa likizunguka polepole, bila kelele. Mkono wake ulikuwa umeshashika mpini.

Binti alimpita bila salamu, akapiga kitufe chekundu.

"We binti!" mama aling'aka. "Hata hodi? Mnazima nguo za watoto wa watu?"

"Mama," Mkaguzi alisema akihema, "toa mkono wako hapo."

Mama aliutoa, akautazama, akaugeuza. "Mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu," Mkaguzi alisema, akajiegemeza ukutani. "Hauna kitu chochote, mama yangu."

*

Alasiri ile walikwenda wote wawili nyumbani kwa Kapteni. Binti alisimama nje ya mlango muda mrefu mpaka Mkaguzi akabisha hodi kwa niaba yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama?"

"Shikamoo, mama."

Mke wa Kapteni aliangalia dirishani. Salamu ikabaki hewani.

Binti hakuketi. Alisimulia yote akiwa wima, mikono kaibana ubavuni, bila kujikinga kokote. Komeo halikuchokolewa. Amri ya kulifunga haikuwemo. Yeye ndiye aliyeiweka mahali ambapo hufutika. Halafu akaja na toleo jingine, akapima hilo, akasaini kwamba kosa ni la mjomba wake.

"Nilipima kitu ambacho wewe hukuwa nacho," alimalizia. "Nikakushuhudia vibaya."

Mkaguzi aliongeza sehemu yake kwa maneno machache: dobi imearifiwa, hukumu ya kuharibu kifaa imefutwa, mkono ukipona kazi yake ipo, na matibabu ni juu yao. Kapteni aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa binti.

"Mashine nyingine?"

"Zimezimwa zote, mjomba. Moja tumeikuta mama wa watu ameshashika mpini."

"Hakuumia?"

"Hakuumia."

Kapteni alishusha pumzi. "Na hiyo programu nani ataitengeneza? Watakufukuza?"

"Mwenye karakana amesema niitengeneze mimi, ila mwenzangu asome kila mstari. Na tangu sasa tunapima lile lile linalokwenda kwa mteja. Si ndugu yake."

"Hapo sawa." Alijaribu kukaa vizuri, uso ukamkunjamana kwa maumivu. "Nami nina langu. Nilivuta kabla ya kuangalia."

"Komeo liliwekwa kwa ajili ya mtu anayevuta kabla ya kuangalia, mjomba. Ndiyo kazi yake."

"Basi keti."

Binti alitazama upande wa dirisha. Mke wa Kapteni alikuwa bado kawapa mgongo, na aliposema, alisema hivyo hivyo, bila kugeuka.

"Mjomba wako amekusamehe kabla hujamaliza sentensi. Yeye ndivyo alivyo. Mimi siko hivyo. Mimi nina hasira, na kesho nitaamka nayo."

"Sawa, mama."

"Nimekaa wodini usiku na mchana namfuta jasho mtu anayeitwa mharibifu. Na karatasi ina jina la mtoto wangu."

"Ndiyo, mama."

Kapteni alitaka kusema neno. Mkaguzi akamtazama, naye akaliacha.

"Tangu aumie nafua peke yangu, mgongo umekatika," mke wa Kapteni alisema mwishowe. "Beseni liko uani. Mashati yake yote na mashuka. Na hapa kwangu hakuna mashine. Utafua kwa mkono."

Binti aliweka kompyuta juu ya kochi, akakunja mikono ya shati, akatoka uani. Mke wa Kapteni alingoja kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akamfuata.

Mkaguzi alimuaga Kapteni. Alikuwa amefika kwenye gari aliposikia maji yakimiminwa upande wa pili wa ukuta, halafu sauti kali:

"We mtoto! Shati linaanziwa kwenye kola! Nani alikufundisha kuanzia mikononi?"

"Ni wewe, mama."

Maji yalinyamaza.

"Basi nilikufundisha vibaya," sauti ilisema. "Sogea."